Siku ya Shaka: Mwezi Mwandamo, Uvimbe wa Mgongo na Adabu ya Kungoja

Ikifika siku ya 30 ya Shaaban, watu wanazungumza mitaani kwamba mwezi umeonekana lakini hakuna shahidi mwadilifu aliyesimama akasema ameuona, mafakihi wa Kishafii wana jina la siku hiyo: siku ya shaka. Imamu Nawawi, ambaye kitabu chake, Minhaji, kimesomeshwa mwambao wetu vizazi kwa vizazi, ana kijineno juu yake ambacho wanafunzi wengi hukipita mbio. Kwake yeye, wingu kutanda si shaka. Wingu ni kutoona tu, na asiyeona hukamilisha siku 30 akalala usingizi wake. Shaka huzaliwa pale jicho la mtu lilipoona kitu, mdomo ukakitangaza, kisha akakosekana wa kukithibitisha. Na hukumu yake ni kali kuliko mtu anavyotarajia: kuifunga siku hiyo kwa tahadhari tu, kwa "isije ikawa", hakufai.

Chuoni hukumu hiyo ilinishinda. Nilidhani mwenye kuzidisha ibada hakosei. Nimekuja kuielewa ukubwani, na safari hii mwalimu hakuwa fakihi. Zilikuwa makala za madaktari wa saratani wanaobishana juu ya jambo moja: mtu ana uvimbe wa saratani kwenye uti wa mgongo, umepigwa mionzi mikali ya kulenga, amerudi baada ya miezi mitatu kupigwa picha ya MRI, na kwenye picha uvimbe umeongezeka. Je, saratani imekua?

Asiye na habari atajibu papo hapo. Kilichokuwa milimita 18 kikawa 22 kimekua. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Wanaosoma picha hizi kila siku hawana haraka hiyo. Wao wamekwisha kuona uvimbe ukivimba mwezi wa tatu, ukanywea mwezi wa saba bila mtu kuugusa. Wameona pia uvimbe uliosemwa kuwa unapona, kumbe ulikuwa unautambaa mfupa kuelekea kwenye ugwe wa mgongo, ule mkanda mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, ambao ukibanwa miguu hufa ganzi na mtu akaweza kupooza. Picha ni moja na maana ni mbili. Hapo ndipo nilipoikumbuka Minhaji.

Tuanze na tiba yenyewe. Saratani nyingi, ya matiti, ya mapafu, ya tezi dume, ya figo, hupenda kutua kwenye pingili za mgongo. Kwa miaka mingi dawa ya maumivu yake ilikuwa mionzi ya kiasi, ambayo hupimwa kwa grei: grei 8 kwa siku moja, au grei 20 zilizogawanywa kwa siku 5. Kiasi hicho hakikuzidi kwa sababu ugwe uko katikati ya njia, nao hauwezi kustahimili mionzi mingi. Mwaka 1951 Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Stockholm, alitoa wazo la kuielekeza mionzi kutoka pande nyingi ikutane kwenye nukta moja ndani ya fuvu. Wazo hilo lilichukua zaidi ya miaka 40 kushuka kutoka kichwani hadi mgongoni, kwani mgongo haushikiki kama fuvu, na kosa la milimita chache humlemaza mtu. Leo kompyuta huunda umbo la mionzi linaloizunguka pingili kama kiatu cha farasi, ugwe ukabaki kwenye uwazi wa katikati, na kipimo kikaporomoka ndani ya milimita chache tu kabla ya kuufikia.

Jaribio la Kanada na Australia lililochapishwa mwaka 2021 liliwagawa wagonjwa 229. Wengine walipewa grei 24 za kulenga kwa siku 2, wengine grei 20 za kawaida kwa siku 5. Baada ya miezi mitatu, asilimia 35 ya kundi la kwanza walikuwa wameondokewa na maumivu kabisa, dhidi ya asilimia 14 ya kundi la pili. Jaribio la Marekani lililotoka miaka miwili baadaye, lililotumia dozi moja ya kulenga dhidi ya dozi moja ya kawaida, halikuona ubora huo. Ubishi wa nani alipima sawasawa nauachia wenyewe. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba mionzi ya namna hii haiuondoi uvimbe mahali pake kama kisu kinavyoondoa. Huuacha palepale, umejeruhiwa. Seli hufa kwa zamu, mishipa midogo ya damu huvuja, maji hujaa, uchafu wa tishu iliyokufa hukaa ukingoja kufagiliwa. Kwenye picha hayo yote huonekana kama nyama iliyoongezeka. Madaktari wameipa hali hiyo jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kusema ni ukuaji wa uongo.

Kwa nini basi wasiwe na kanuni moja ya kuusoma? Kwa sababu uti wa mgongo umeangukia kwenye mpaka wa madhehebu matatu ya kusoma picha, na kila dhehebu lina historia yake.

La kwanza ni la wapimaji wa rula. Mwaka 1976 Charles Moertel na James Hanley walichapisha jaribio ambalo ukilisoma leo utadhani ni mchezo wa watoto. Walichukua vitu 12 vigumu vya mviringo, wakaviweka juu ya godoro, wakavifunika kwa sponji, kisha wakawaita madaktari 16 wazoefu wa saratani wavipapase na kuvipima kipenyo. Vitu havikukua wala kunywea, vilikuwa vimelala pale. Lakini vipimo viliyumba, kati ya daktari na daktari, na hata kwa daktari yuleyule alipopima tena. Funzo lilikuwa chungu: mtu akiuita uvimbe "umepungua" kwa sababu ya tofauti ndogo, mara nyingi atakuwa anasifu mtetemeko wa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana kanuni za Shirika la Afya Duniani zilizofuata zilidai eneo la uvimbe lipungue kwa nusu ndipo tiba isemwe imejibu. Mwaka 2000 zikaja kanuni zinazojulikana kwa kifupi kama RECIST, zikarekebishwa mwaka 2009: jumla ya vipenyo ikipungua kwa asilimia 30, tiba imejibu, ikiongezeka kwa asilimia 20, na isiwe chini ya milimita 5, ugonjwa umeendelea. Dhehebu hili lina uaminifu wa mizani ya sokoni. Kasoro yake ni kwamba mfupa haulitii. Uvimbe ulio ndani ya mfupa bila nyama laini pembeni, RECIST yenyewe inakiri kuwa si kitu cha kupimika, na mahali palipokwisha kupigwa mionzi kwa kawaida hapahesabiwi pia. Kwa maneno mengine, mizani ilipofika kwenye mgongo uliotibiwa, mwenye duka alifunga mlango.

La pili ni la wasomaji wa mfupa. Hawa wanajua kwamba katika mfupa alama hugeuka. Mfupa ulioliwa na saratani huonekana na tundu jeusi kwenye picha ya CT. Unapopona, pembeni mwa tundu hujengeka ukingo mweupe, kisha weupe huingia ndani polepole hadi tundu likajaa. Asiyejua ataona weupe mpya na kusema ugonjwa umeongezeka, kwa kuwa kuna saratani, hasa ya tezi dume, ambazo zenyewe hujenga mfupa mweupe. Kwenye skani ya mifupa hali ni hiyohiyo: miezi ya mwanzo ya tiba inayofaa, madoa yanaweza kung'aa zaidi, hata kuonekana madoa ambayo hayakuwepo, kwa sababu mfupa unajikarabati kwa kasi. Wataalamu wa kituo cha MD Anderson huko Houston walitoa kanuni zao za mfupa mwaka 2004, wakizitazama alama hizi badala ya kung'ang'ania rula.

La tatu ni la ubongo. Kanuni za Macdonald za mwaka 1990 zilikuwa zikipima sehemu ya uvimbe inayong'aa baada ya dawa kudungwa mshipani. Kisha ikaonekana kwamba wagonjwa waliomaliza mionzi pamoja na dawa za saratani, baadhi yao picha ya kwanza huchafuka halafu ikatulia. Wakati huo wengine walikuwa wamekwisha kuondolewa dawa iliyokuwa ikiwafaa, kwa sababu tu ya picha. Kanuni mpya za mwaka 2010, zinazoitwa RANO, zikaweka sheria ambayo fakihi yeyote angeitambua: ndani ya wiki 12 za kwanza baada ya mionzi, usiseme ugonjwa umeendelea, isipokuwa mng'ao mpya umetokea nje ya uwanja wa mionzi au kinyama cha uvimbe kimechukuliwa kwa uchunguzi na kuthibitisha.

Hapo kuna mambo mawili ya kutua kidogo. Kwanza, siku zimehesabiwa: wiki 12, kama vile siku 30, na si "tungoje tuone". Pili, mahali alama ilipotokea hubadilisha hukumu yake. Kwenye mwezi ni hivyohivyo. Mtu aitwaye Kuraib, kwa hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, alikuwa Sham akauona mwezi wa Ramadhani usiku wa Ijumaa pamoja na watu wa huko. Aliporudi Madina akamkuta sahaba Ibn Abbas, ambaye watu wake waliuona usiku wa Jumamosi. Kuraib aliuliza kama kuona kwa Muawiya, mtawala wa huko Sham, hakutoshi. Ibn Abbas alikataa: watu wa Madina wataendelea kufunga mpaka wakamilishe siku 30 au wauone wenyewe. Juu ya tukio hilo Mashafii wamejenga suala la matlai, yaani kila upeo na mwandamo wake. Wenzao wa madhehebu mengine wamesema mwezi ukionekana popote umeonekana kote, na ubishi huo tunao hadi leo; ndio unaotufanya mtaa mmoja ule sikukuu na mtaa wa pili ubaki kwenye saumu, Kadhi Mkuu wa Kenya atangaze na Mufti wa Tanzania atangaze, na bado wengine wakamsikiliza mtangazaji wa Makka.

Katika mgongo, matlai ni ramani ya mionzi. Uvimbe ulioongezeka katikati ya pingili, pale palipopata dozi kamili, una udhuru: huenda ni majeraha yanayopona. Uvimbe ulioongezeka kwenye ukingo unaogusa nafasi inayouzunguka ugwe hauna udhuru huo, kwa sababu pale ndipo daktari mwenyewe alipopunguza dozi kwa makusudi ili asiuunguze ugwe. Saratani ikinusurika, hunusurika kwenye kivuli hicho, na huko ndiko hurudi mara nyingi zaidi. Milimita 3 za mahali hapa si milimita 3 za mahali pale. Msomaji wa picha asiyeiona ramani ya mionzi anasoma mwezi bila kujua yuko mji gani.

Hili ndilo lililowafanya wataalamu wa nchi mbalimbali, waliokusanyika kwa jina la SPINO na kuchapisha mapendekezo yao mwaka 2015, watake picha isomwe na watu wawili: mtaalamu wa radiolojia na daktari wa tiba ya mionzi. Mmoja anazijua picha, mwingine anajua mionzi ilipita wapi. Ni mashahidi wawili kwa maana kamili, kwani kila mmoja ana ujuzi ambao mwenzake hana. Walitaka pia MRI ya kila baada ya miezi 2 hadi 3 kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu wa kwanza, kisha miezi 3 hadi 6. Na kudai kwamba uvimbe umedhibitiwa hakutoshi kwa picha moja; zinatakiwa picha 2 au 3 zinazofuatana, zikipishana wiki 6 hadi 8, zote zikishuhudia kwamba hakuna kilichoendelea.

Linganisha na fikihi. Kuingia Ramadhani, kwa kauli yenye nguvu kwa Mashafii, shahidi mwadilifu mmoja anatosha. Kutoka Ramadhani na kula Idi panahitajika wawili. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia kosa la kufunga siku moja ya Shaaban si sawa na kosa la kula mchana wa Ramadhani. Ushahidi hupimwa kwa uzito wa madhara ya kukosea. SPINO wamefika hapohapo kwa njia yao. Habari njema inahitaji mashahidi wengi. Habari mbaya, ikihusu nafasi inayouzunguka ugwe, mmoja anatosha: uvimbe wowote mpya au ulioongezeka hapo unahesabiwa kuwa ugonjwa umeendelea. Hata pale picha yenyewe ikiwa na shaka, mgonjwa akiwa tayari alikuwa na uvimbe hapo na sasa miguu imeanza kulegea kwa sababu yake, hukumu ni hiyohiyo. Mapokeo haya mawili hayakupata kusomana, na bado yamekubaliana kwamba haki haimaanishi kuwapa mashahidi wote uzito mmoja.

Jicho pia hudanganya, na hili mapokeo yote mawili yana visa vyake. Inasimuliwa kwamba sahaba Anas bin Malik, akiwa mzee sana, alitoka na watu kutazama mwezi akasema ameuona, na hakuna mwingine aliyeuona. Iyas bin Muawiya, kadhi wa Basra aliyesifika kwa akili, alimtazama, akaona unywele mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho la mzee. Akaupangusa kwa adabu, kisha akamwomba awaonyeshe tena mahali mwezi ulipo. Mzee akatazama, asiuone. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kadhi hakumwita mzee mwongo. Alitafuta unywele.

Kwenye picha za mgongo nywele ni nyingi. Mgonjwa aliyewekewa skrubu za titani ana giza la chuma linaloficha sehemu ya pingili, ndiyo maana baadhi ya madaktari wa upasuaji siku hizi hupendelea vyuma vya nyuzi za kaboni, visivyochafua picha sana. Mashine ya jana ikiwa tofauti na ya leo, au mgonjwa akilala na kujipinda kidogo, kipande cha picha hukata uvimbe mahali pengine na kipenyo kikabadilika bila chochote kubadilika. Lakini unywele mkubwa kuliko yote ni kuvunjika kwa pingili.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi hukosea. Mfupa ulioliwa na saratani ni kama nyumba ya udongo iliyotobolewa na mchwa. Ukimuua mchwa, kuta hazijirudishi siku hiyohiyo. Mionzi mikali huua na seli za mfupa pia. Ripoti ya New York ya mwaka 2009, ya wagonjwa waliopewa dozi moja kubwa, ilikuta asilimia 39 ya pingili zilizotibiwa zimevunjika au mvunjiko wake wa zamani umezidi. Mwaka 2013 takwimu za vituo kadhaa zilizokusanywa pamoja zilionyesha kwamba dozi ndiyo yenye kusema: grei 24 au zaidi kwa mkupuo, hatari ilikuwa asilimia 39, grei 20 hadi 23, asilimia 23, grei 19 kushuka chini, asilimia 11. Pingili nyingi kati ya hizo ziliporomoka ndani ya miezi michache ya mwanzo, kipindi kilekile cha ukuaji wa uongo. Pingili ikibonyea, kilichomo ndani husukumwa nje, pembeni na nyuma, kama donge la ugali lililokandamizwa kiganjani. Kwenye picha kuna kitu kipya pembeni mwa mfupa, na kuna maumivu mapya kwa mgonjwa. Kila dalili inaelekeza kwa saratani, na huenda saratani imekwisha kufa. Tiba ya mfupa uliovunjika ni kuutegemeza kwa saruji au skrubu. Mtu huyo akirudishwa kwenye mionzi atakuwa ametibiwa unywele wa nyusi.

Je, hesabu haiwezi kutuokoa na jicho? Swali hili nalo ni la zamani. Taqiyuddin as-Subki, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1355, alisema kwamba hesabu za nyota zikithibitisha kwa yakini kuwa mwezi hauwezi kuonekana usiku huo, ushahidi wa anayedai kauona unakataliwa. Wengi wa zama zake na baada yake walimpinga. Katika miaka ya 1930 mwanafalaki wa Kifaransa André Danjon alionyesha kwamba mwezi ulio karibu na jua chini ya nyuzi 7 hivi hauonekani kabisa, na watetezi wa hesabu walipata silaha mpya. Nadhani watu huzungumza juu ya Subki kana kwamba aliiweka hesabu mahali pa jicho. Hakufanya hivyo. Aliipa hesabu kazi ya kukanusha, si kazi ya kuthibitisha. Hesabu inaweza kusema "hapana", lakini "ndiyo" bado ni ya shahidi.

Madaktari wa mgongo nao wana hesabu zao. MRI ya kupima mtiririko wa damu huonyesha kama mishipa inayoulisha uvimbe imekatika hata kabla ukubwa haujabadilika. Skani ya PET huonyesha kama tishu bado inakula sukari kwa pupa. Vyote ni vizuri, na vyote vina mtego: tishu inayovimba kwa majeraha ya mionzi nayo hula sukari, ikang'aa kama saratani katika miezi ya mwanzo. Hata kinyama kinachochukuliwa kwa sindano, ambacho watu hukiona kama kauli ya mwisho, huchukuliwa mahali pamoja tu pa uvimbe. Sindano inaweza kuipita saratani pembeni, au ikakamata seli ambazo chini ya hadubini zinaonekana hai ilhali mionzi imekwisha kuzinyima uzazi. Ningekuwa mwanafunzi wa Subki ningesema: mtiririko wa damu ukionyesha uvimbe umekauka, nao umeongezeka kidogo, katikati ya pingili, mwezi wa tatu, basi ushahidi wa rula ukataliwe kwa sasa. Lakini mng'ao peke yake usimhukumu mtu.

Nimechelewa kusema linalonisumbua zaidi. Mwaka 1810 Samuel Hahnemann, Mjerumani aliyeanzisha homiopathi, alichapisha kitabu chake kikuu, na miongoni mwa mafundisho yake ni kwamba mgonjwa kuzidiwa kidogo baada ya dawa ni dalili njema, dawa imegusa penyewe. Sina haja ya kwenda Ujerumani. Kila mtu aliyepita kwenye stendi zetu amemsikia muuza dawa akisema ukinywa utaharisha, utatapika, utaumwa kuliko mwanzo, na hapo ujue dawa inapambana na ugonjwa. Ukizidiwa, inafanya kazi. Ukipata nafuu, imefanya kazi. Ukifa, ulichelewa kuja. Sasa huyu daktari anayetazama uvimbe uliokua na kusema "huenda unapona", ana tofauti gani na yule wa stendi?

Kwa maneno, hana. Sentensi ni moja. Tofauti iko kwenye tarehe na kwenye masharti yaliyotajwa kabla. Muuza dawa hasemi ni siku gani atakubali kwamba ameshindwa. Wiki 12 za RANO zikiisha, udhuru umeisha. Mbele ya nafasi ya ugwe, SPINO hawana udhuru hata kidogo. Mwezi ukitimiza siku 30, umeisha, apende nani achukie nani. Shaka inayokubalika ni ile yenye mlango wa kutokea.

Na hapa ndipo ninapowashitaki SPINO kidogo, pamoja na heshima yangu yote. Walipofasili ukuaji wa kweli nje ya nafasi ya ugwe, walitaka ongezeko kubwa lililo dhahiri, lisilo na utata, la ujazo au kipenyo. Dhahiri kwa nani? Moertel na Hanley walikwisha kutuonyesha madaktari 16 ambao kila mmoja alikuwa na dhahiri yake chini ya sponji lilelile. Naelewa sababu yao: asilimia za RECIST zingewaingiza wengi wenye ukuaji wa uongo kwenye kundi la waliofeli. Hata hivyo wameweka picha za kufuatana bila kuweka siku ya 30. Daktari mwoga ataharakisha, daktari mwenye matumaini ataahirisha, na wote wawili watasema wamefuata kanuni. Katika hili mapokeo ya mwezi yana nguvu zaidi, kwa sababu yalijua udhaifu wa watu, yakaifungia shaka ndani ya usiku mmoja.

Haki ya upande wa pili nayo isemwe. Mwezi ukikosewa, siku hulipwa. Ugwe ukibanwa hadi miguu ikafa, kwa kawaida hakuna kadha. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema subira ni ileile popote. Katikati ya pingili, mgonjwa akiwa hana maumivu na anatembea, siku ya shaka ifuatwe kama Nawawi alivyotaka: usitende kwa "isije ikawa", kwa sababu kutenda huko ni kumrudishia mionzi mgongo uliokwisha kubeba mingi, au kumwondolea mtu dawa inayomfaa. Kwenye ukingo wa ugwe, tahadhari iliyokatazwa kule ni faradhi huku.

Basi wewe uliye na mzazi au ndugu aliyepigwa mionzi ya mgongo, unapokwenda naye kliniki usiende na picha ya mwisho peke yake. Beba bahasha yote, filamu na CD za tangu mwanzo, na mwombe aliyempiga mionzi akupe maandishi ya dozi na ramani yake, hasa kama anayesoma picha yuko hospitali nyingine. Ukiambiwa "umeongezeka kidogo, tungoje", usikasirike wala usishangilie. Uliza mambo mawili: umeongezeka upande gani wa pingili, na tarehe ya picha inayofuata ni ipi. Usitoke chumbani kabla tarehe haijaandikwa. Na ukiona miguu inalegea, au haja inamtoka bila habari, usiingoje tarehe hiyo. Mpeleke usiku huohuo.